Mwanangu nyumbani anaongea, shuleni hafungui mdomo

Shikamoo Shangazi, pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Kimara hapa Dar, naomba unisaidie mawazo mana nimefika pabaya, usiku silali na dukani kichwa hakipo.

Mwanangu wa kwanza ni wa kiume, ametimiza miaka mitano mwezi wa kumi na moja. Nilimpata kipindi maisha magumu sana, nilikuwa nimeajiriwa duka la mtu Kariakoo natoka asubuhi narudi usiku na sina wa kumwachia, kwa hiyo alivofika mwaka na nusu nikampeleka kwa mama yangu Lushoto. Amekulia kule kwa bibi yake. Mimi nilikuwa naenda kumwona sikukuu au kukitokea msiba, ila hela ya matumizi nilikuwa natuma kila mwezi. Sasa hivi namshukuru Mungu nina fremu yangu ndogo nauza vitenge, mume wangu ni fundi umeme, na tuna mtoto mwingine wa kike ana mwaka na kitu, tukasema huyu mkubwa sasa aje mjini asome shule nzuri kama wenzake. Tukamchukua mwezi wa kumi na mbili, Januari shule zinafunguliwa akaanza darasa la awali shule ya ingilishi midiamu, yani ada yenyewe tumejinyima mpaka basi.

Shangazi tangu siku ya kwanza mpaka sasa tunaelekea mwezi wa tatu ni vilio. Basi la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri, analia kuanzia kitandani, anang'ang'ania mlango, siku nyingine anatapika au anasema tumbo linauma, lakini Jumamosi na Jumapili tumbo haliumi. Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe, matroni akaniambia nitoke akiwa anaangalia pembeni ili asilie, nikafanya hivo, na toka siku hiyo hata nikienda chooni hapa nyumbani ananifuata anasimama mlangoni.

Darasani haongei kabisa. Mwalimu wake anasema hajawahi kusikia sauti yake, akiulizwa anaangalia chini. Watoto wenzake wanamwita bubu. Ameshajikojolea darasani mara kadhaa na nyumbani anakojoa kitandani, wakati mama anasema kule kwake aliacha siku nyingi. Pale shuleni wanaongea kiingereza tu, anayeongea Kiswahili anaandikwa jina, hata ruhusa ya kutoka unaomba kwa kiingereza. Mwanangu Kiswahili chenyewe anajua cha kuombea maji tu, lugha yake ni Kisambaa. Dada wa kazi ni wa Soni, huko huko Usambaani, na akimsemesha Kisambaa huyo mtoto haishiwi maneno, anasimulia mbuzi wa bibi sijui na nani alianguka mtoni, ila nimewakataza mana niliona atachelewa kushika kiingereza.

Ticha ameniambia labda ana tatizo, nifikirie kumpeleka shule ya mahitaji maalumu, au nianze kwa kumlipia tuisheni Jumamosi ajaribu kuwafikia wenzake. Mume wangu anasema amedekezwa na bibi, akikojoa anamchapa. Na mama akipiga simu siku hizi hatumpi mtoto aongee mana akisikia sauti ya bibi analia mpaka anakosa pumzi na usiku mzima unaharibika.

Kitu kinachoniuma kuliko vyote, mimi ananiita Dada, kama wadogo zangu wanavyoniita kule nyumbani. Mama yake ni bibi.

Sasa Shangazi nimrudishe Lushoto? Nimhamishe shule? Au nikomae na tuisheni? Nisaidie.

Mama wa wawili, Kimara

*

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana.

Barua yako nimeisoma nikarudia, na nikwambie mapema ili upumue kidogo: huyo mjukuu wangu kwa unavyoeleza si bubu na sioni dalili ya kwamba ana akili nzito. Mtoto wa miaka mitano anayeweza kusimulia habari za mbuzi na nani alianguka wapi, tena kwa mpangilio, huyo lugha anayo, kumbukumbu anayo na hamu ya kuongea na watu anayo. Lugha yake imekatazwa sehemu zote mbili, shuleni na nyumbani, kwa hiyo mtoto hana mahali pa kuongelea.

Alafu kuna jambo kwenye barua umelipitia haraka kama vile si lenyewe, na mimi naona ndio lenyewe. Huyu mtoto analia kwa sababu ya bibi yake. Hebu liangalie kwa macho yake, mwezi wa kumi na mbili alikuwa na mama (bibi ndio mama kwake, tukubali tu), ana wajomba, ana mbuzi, ana lugha, ana baridi ya Lushoto na njia anazozijua, wiki chache baadae yuko kwenye joto la Dar na watu ambao alikuwa anawaona sikukuu, na kabla hajajua hata taa ya chumbani inawashiwa wapi anapakizwa kwenye basi giza bado liko nje anapelekwa kwa watu wengine wapya zaidi. Na akiondoka anamwona mdogo wake amebaki nyumbani! Shule ilikuwa kitu cha tatu au cha nne kubadilika ndani ya muda mfupi, ila kwa sababu ndio hapo analilia sisi wakubwa tunadhani ugonjwa uko shuleni.

Kuna mtafiti alikuwa anaitwa Mary Ainsworth, mwaka 1954 alikuja Uganda, akawa anazunguka vijiji vya karibu na Kampala anaingia majumbani kwa watu anaangalia watoto wachanga na mama zao na kuandika anachokiona. Alichokiona ni hiki, mtoto akiwa karibu na mtu wake anayemwamini anatambaa anaenda mbali, anachezea vitu, anageuka kuhakikisha yule mtu bado yupo, anaendelea na safari yake. Mtu huyo akiondoka mchezo unaisha, mtoto hajifunzi tena kitu, kazi yake inakuwa kumtafuta. Mpaka leo wanaosomea malezi wanarudi kwenye hilo, na mimi kwa miaka niliyofundisha chekechea nimeliona kila Januari. Mtoto wako hana akili ya kushika A B C kwa sababu akili yote iko kwenye kumtafuta mtu wake. Hata huko kukufuata mpaka mlango wa choo ndio huko huko, siku ile ulivotoka kimya kimya alijifunza kwamba watu hapa mjini wanapotea ukigeuza shingo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni simu ya bibi, irudisheni leo leo. Najua analia, mwache alie, mkae nae, mshike, mana kile kilio kipo hata msipompigia, tofauti ni kwamba sasa hivi kinatokea kwenye kukojoa na kutapika. Mpigeni kwa picha kama mama ana simu ya WhatsApp au ya mjomba mmoja hapo, na msipige usiku akiwa amechoka, pigeni saa kumi jioni akisharudi, akaonyeshwe na hao mbuzi. Muombe mama amwambie mwenyewe kwa mdomo wake kitu hiki, kwamba yeye bibi ndio amekubali uende kwa mama yako usome, hajakufukuza, hajaumwa, hajafa, na likizo tutaonana. Watoto wa umri huo wanajijazia majibu wenyewe vichwani na mara nyingi majibu yao ni mabaya kuliko ukweli, anaweza kabisa kuwa anaamini alifanya kosa ndio akaletwa Dar.

Kisambaa nacho kirudi ndani ya nyumba, na huyo dada wa Soni mshukuru Mungu kwa ajili yake mana kwa sasa ndio daraja pekee mtoto alilonalo. Hofu yako kwamba atachelewa kiingereza naielewa, wazazi wengi wanaogopa hivo, lakini mambo yanaenda kinyume chake. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1953 wanasema mtoto aanze kufundishwa kwa lugha anayoijua kwanza, na huku kwetu shule za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Mtoto anayejua kuhesabu mbuzi kwa Kisambaa anajua kuhesabu, akija kuambiwa one two three anajifunza maneno tu, kuhesabu anako tayari. Wewe umemweka kwenye lugha ya tatu wakati ya pili bado anaitumia kuombea maji. Mtoto anayeingizwa kwenye lugha mpya anaweza kukaa kimya miezi mizima anasikiliza tu, ni kitu cha kawaida kinachojulikana, anakusanya, siku moja utasikia anaimba bafuni wimbo wa shuleni wote mzima. Kwa hiyo dada amsemeshe Kisambaa, baba na wewe mchanganye na Kiswahili taratibu, kiingereza waachieni shule. Na wewe mwenyewe ni Msambaa mwanangu, msemeshe lugha aliyokuwa anaisikia kwa bibi, utaona uso utakavyobadilika.

Hilo la kukuita Dada. Najua limekuchoma, na ukilia lie, una haki. Ila usimlazimishe wala usimkaripie. Mwambie, mimi ndio niliyekuzaa na bibi ndio aliyekulea, wewe una mama wawili na wote wanakupenda. Ukimwambia achague mmoja unampasua. Hilo jina litakuja lenyewe siku ukishakuwa mtu wa kumwogesha, kumpaka mafuta, kumtibu donda, yani vile vitu vidogo ambavyo bibi alikuwa anavifanya. Sasa wewe unafunga duka unafika nyumbani usiku, ambao yeye anatakiwa awe ameshalala. Hapa nakuomba kitu kigumu, mpaka shule zifungwe mwezi wa sita tafuta siku mbili katikati ya wiki ufunge fremu mapema, saa tisa uwe nyumbani, na umpokee wewe kwenye basi. Najua ni hela, najua Kariakoo mteja wa jioni ndio mteja, lakini hiyo miezi michache ndio mtoto atakapoamua kama wewe ni mtu wake au ni mtu mwenye nyumba. Siku hizo kaeni nae hata robo saa wewe na yeye tu, mdogo wake abaki na dada, usimfundishe kitu, cheza anachotaka yeye.

Asubuhi je. Kutoroka kusirudiwe tena hata kama matroni akishauri. Mwambie unaondoka, mwambie nani atampokea na baada ya kitu gani, mana saa hajui, sema ukishakula chakula cha mchana na ukishapanda basi utamkuta dada getini. Mkumbatie, aga, ondoka, usirudi rudi dirishani. Muage kwa namna ile ile kila siku. Mpe kitu cha bibi aingie nacho, kipande cha kanga yake kikunjwe kidogo kikae mfukoni mwa kaptula, mwalimu aelezwe asimnyang'anye.

Usingizi. Mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano anatakiwa alale saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Wa kwako anaamshwa saa 11 alfajiri, kwa hiyo akilala saa 4 usiku kwa sababu ya homuweki anakwenda shule na saa 7 za usingizi, hapo hata mtu mzima angelia. Akirudi ale, alale lisaa limoja na nusu, na saa 2 usiku taa izimwe, homuweki ikiwa haijaisha iandikie mwalimu kwamba alichoka. Na uongee na dereva au uongozi, kama Kimara ndio mnachukuliwa wa kwanza waangalie kama ruti inaweza kugeuzwa, au kama kuna mzazi jirani mchange bajaji ya mtu mnayemjua waondoke mwanga umeshatoka. Kwa kweli haya mabasi ya kubeba watoto wa awali gizani mimi sijawahi kuyakubali, mtoto anafika shule anasinzia juu ya dawati alafu anaandikiwa ni mvivu.

Sasa mkojo, na hapa mpe simu baba yake asome mwenyewe. Baba, shikamoo yako naipokea kwa mbali, nisikilize mwanangu. Watoto wa miaka mitano wanaokojoa kitandani ni kama 15 katika kila 100, na wavulana ni wengi kuliko wasichana, hawakusudii, wamelala. Na mtoto aliyekuwa ameacha akaanza upya baada ya kuhamishwa kwao ni jambo linalotokea sana, mwili unarudi nyuma kwa sababu moyo umeshtuka. Ukimchapa unamwongezea kitu cha kuogopa usiku, na anayelala na hofu anakojoa zaidi, kwa hiyo fimbo yako inaongeza mashuka ya kufua. Hakudekezwa na bibi, alilelewa na bibi, angekuwa hakupendwa kule asingelia hivi leo, hicho kilio ni ushahidi wa malezi mazuri. Wewe kama baba una nafasi kubwa hapa, mchukue Jumapili umpeleke ukafunge nae balbu mahali, abebe bisibisi, watoto wa kiume wa umri huo wanapenda sana kupewa kazi na baba.

Ya darasani ni rahisi zaidi. Ruhusa inaombwa kwa kiingereza, mtoto kiingereza hana, atafanyaje? Anabana mpaka inamshinda. Mwombe mwalimu amtoe mwenyewe akifika asubuhi, kila mapumziko, na kabla ya kupanda basi, au wakubaliane alama ya mkono. Uliza pia choo chao kikoje, kama ni cha tundu kina giza au cha kuflashi kinachopiga kelele, mana watoto wengine wanakiogopa choo chenyewe. Anayebana mpaka haja kubwa anafunga choo, na tumbo likijaa linasukuma kibofu, mkojo unatoka kirahisi. Papai, maji ya kutosha mchana, mboga, vinasaidia.

Lakini usikae na maneno yangu tu, mpeleke kituo cha afya. Mtoto aliyeacha kukojoa akaanza tena apimwe mkojo, inaweza kuwa UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, na kama anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno na anapungua mwili usingoje kesho, apimwe na sukari. Hapo hapo aangaliwe masikio. Mtoto akiwa na usaha au nta imejaa anasikia nusu nusu, na kwenye darasa lenye kelele la lugha asiyoijua inakuwa ni ukuta kabisa.

Na kuna swali lazima nikuulize mwanangu, usiogope, ni wajibu tu. Mtoto anayeogopa sehemu fulani, anajikojolea, anang'ang'ania watu, mara nyingi ni huzuni kama nilivosema, ila mara nyingine kuna mtu anamuumiza, kwenye basi, chooni, au mwalimu anachapa. Dada amuulize kwa Kisambaa wakiwa wanacheza, bila kumkazia macho, nani anakaa nae kwenye basi, nani anamsaidia kuvua kaptula, kuna mtu anayemfanya aogope, na umfundishe kwamba sehemu zake za siri hachezei mtu na hakuna siri ya kumficha mama. Ukisikia kitu chochote cha kutia shaka piga 116, ni namba ya kusaidia watoto na ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usianze na kikao cha familia.

Shuleni nenda mwenyewe uso kwa uso, mambo haya usiyapeleke kwenye grupu la wazazi. Mwambie mwalimu historia, kwamba mtoto kalelewa na bibi, kahamia juzi, Kisambaa ndio lugha yake. Nina hakika hajui, na mwalimu mwenye watoto wengi darasani anaona tu kwamba kuna mmoja haongei. Mwombe asimwamrishe aongee mbele za watu na asimzawadie pipi ili aongee, aruhusiwe kujibu kwa kuonyesha kidole, kutikisa kichwa, kuchora. Apewe kazi ndogo, kugawa penseli, kufuta ubao. Akae na mtoto mmoja mpole. Na hilo jina la bubu mwalimu alizime leo hii, mana watoto wanaliokota kwa wakubwa na likishakaa linamfuata mtu mpaka la saba. Kuhusu shule ya mahitaji maalumu, wataalamu wenyewe wanapomwangalia mtoto anayeongea nyumbani na kunyamaza shule, mwezi wa kwanza wa shule hawauhesabu, na hawahesabu pia kama sababu ni lugha asiyoijua. Ticha kaharakisha. Ila nisikuzuie kabisa, kama mpaka mwezi wa saba au wa nane Kiswahili kimeshamkaa, usingizi uko sawa, na bado haongei na yeyote nje ya nyumba, hapo mpelekeni akaonwe hospitali ya rufaa au Muhimbili na wanaoshughulika na watoto.

Rafiki. Hili naliona kubwa kuliko homuweki zote. Mtafutie rafiki mmoja tu, mmoja anatosha. Uliza kwenye basi nani anashukia karibu, ongea na mama yake, Jumamosi aje kwenu wale ubwabwa wacheze. Kombolela, rede, kukimbizana na tairi, hii michezo haihitaji kiingereza, na ndani yake mtoto anajifunza kusubiri zamu, kushindwa bila kupigana, kuomba aingizwe mchezoni, hivo ndio vitu vinavyomwezesha kukaa darasani. Sasa ukiichukua Jumamosi hiyo ukaiweka tuisheni umemnyang'anya kitu pekee alichokuwa anakihitaji. Kwa hiyo tuisheni hapana, jibu langu ni hapana, ana miaka mitano, darasa la kwanza kwa utaratibu wetu ni miaka sita, anachelewa wapi? Hiyo hela panda nayo Lushoto.

Umeuliza kumhamisha. Kwa sasa usimhamishe, ameshabadilishiwa vitu vingi mno, ukimwongezea shule nyingine ataanza kuhesabu upya sura zote. Mpe mwalimu nafasi mpaka mwezi wa sita. Wakikusikiliza, wakabadilisha hayo niliyoyasema, mwache aendelee. Wakiendelea kumwandika jina kwa kuongea lugha yake na kukwambia ana tatizo bila kufanya kitu, basi mtoe umpeleke awali ya shule ya msingi ya serikali iliyo karibu, ya Kiswahili, anaenda kwa mguu na watoto wa mtaani kwenu na analala mpaka saa 12. Majirani watasema umefilisika, waache waseme. Ada ile itakaa, kiingereza kipo na kitamkuta mbele.

Na kumrudisha kwa bibi moja kwa moja, hapana pia, mana akirudi leo atajua kwamba na hapo Dar hakutakiwa, na mwaka ujao ukimleta tena itakuwa ngumu mara mbili. Kama mama afya inaruhusu na kuna wa kumwangalizia mifugo, muombe yeye aje akae kwenu wiki mbili tatu mwezi huu, ampeleke shule yeye, apaone, asalimiane na mwalimu na mtoto anaona. Na kama haiwezekani, likizo ya mwezi wa sita aende. Mwambie kuanzia sasa, bandikeni kalenda ukutani awe anakata siku mwenyewe, na akiwa kule mpigie kila jioni kama alivokuwa anapigiwa bibi. Siku ya kurudi panda wewe mwenyewe ukamchukue, usimpakize kwenye basi na kumkabidhi konda.